Piki Iliyomkubali Mdogo Wangu

Kwa nini piki ile ilikuwa inamkubali mdogo wangu na kunikataa mimi?

Papa aliinunua Butembo ikiwa imekwisha kupita mikononi mwa watu wengi, imepakwa rangi nyekundu kuficha uzee. Akasema wazi kwamba itabaki na yule kati yetu wawili atakayekuwa anafikisha jibini za mama dukani kwa mama mdogo, mtaa wa Bungulu kule Beni, bila kukwama njiani. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu bila kazi. Niliitaka piki ile kuliko nilivyotaka diploma.

Zamu ya mdogo wangu, ilifika Beni. Zamu yangu, ilikohoa, ikalegea, ikazima kwenye mpando wa Kabasha, mahali ambapo hakuna anayependa kusimama. Nikiisubiri inawaka, nikisogea kidogo inazima tena. Siku moja nilirudishwa Butembo juu ya lori, mimi, piki na jibini zimeanza kutoa jasho. Mama alisema nina mkono mzito. Mdogo wangu alicheka, akaniita yaya, yaani dada mkubwa.

“Yaya, piki inajuaka mwenye anaipendaka.”

Sikuamini kwamba chuma kina moyo, lakini usiku huo sikumwitikia aliponiambia lala salama.

Nikaanza kuchunguza. Nilichomoa mpira wa mafuta: yalisita kidogo, kisha yakamwagika vizuri. Basi nikaishitaki kabureta. Niliifungua uani juu ya gunia, nikapuliza jikleri, kile kitundu chembamba kinachopimia injini mafuta. Safi. Nikampelekea fundi, naye akaondoa tangi, akatundika chupa ya mafuta juu, akaiunga kwenye kabureta. Injini iliimba asubuhi nzima.

“Kabureta haina mambo, ma sœur,” akasema. “Labda njo weye uko na mambo.”

Yakabaki mafuta. Hapo ndipo wivu ulipopata chakula. Mdogo wangu alinunua chupa moja moja njiani, kwa sababu kila muuza mafuta alikuwa rafiki yake. Nilipopanda nyuma yake niliona walivyomwita kwa mbali, naye akasimama, akataniana nao, akamimina chupa yake, akaenda hadi kwa rafiki mwingine. Mimi hakuna aliyeniita. Nilijaza tangi Butembo hadi shingoni na kwenda moja kwa moja, kama mtu mwenye akili. Nikajiambia kwamba yeye wanampa mafuta safi, mimi wananipa ya maji. Kwa hiyo nikajaza tangi kwa rafiki yake mkubwa kuliko wote. Ikazima mapema zaidi.

Papa akachoka. Akapiga simu kutoka Kayna, alikokuwa kazini, kwamba safari inayofuata twende wote wawili, mimi nikianza kuendesha, na piki itakuwa ya yule atakayeingia nayo Beni. Nilijaza tangi, nikavaa viatu vizuri. Pale Kabasha ilikohoa. Niliinamisha kichwa juu ya usukani, nikasikia mdogo wangu anashuka nyuma yangu na kapu la jibini.

“Shuka, yaya. Acha nami nijaribu.”

Alifungua kifuniko cha tangi, akachungulia kama mafuta yapo, akakifunga. Akapiga kiki moja. Ikawaka.

“Mais kule chuo mulikuwa munasoma nini?” akauliza, bila ubaya, na hilo likaniuma zaidi.

Nilimaliza safari nikiwa nyuma, nimekumbatia kapu. Kila aliyemsalimia njiani na kumwongezea chupa ya mafuta nilimhesabu kuwa mwizi wangu. Bungulu, mama mdogo alimpigia makofi yeye. Mimi aliniomba nishushe jibini.

Piki ni yake mpaka leo. Juzijuzi kutu ilikula meno ya kifuniko cha tangi, akanunua kingine. Tangu hapo anajaza tangi lote na kwenda bila kusimama. Kile cha zamani alinirushia nikitupe. Sikukitupa. Nilikigeuza, nikakiweka mdomoni, nikapuliza kwa nguvu, hewa haikupita. Kina tundu dogo juu, la kuingiza hewa mafuta yanapopungua. Bila hewa hiyo tangi linayazuia yasishuke kwenye kabureta, mpaka mtu akifungue. Nililichokonoa kwa sindano. Ikatoka rangi nyekundu.