Gurudumu la Kadibodi ya Pizza

Sabuni ya vyombo ya limau ikichanganywa na sukari, kisha ikasuguliwa kwenye mikono yenye oili chafu, hutoa harufu yake ya peke yake. Juzi, hapa Houston, mwenzangu ninayekaa naye alitoka kubadilisha oili ya gari lake akanawa hivyo kwenye sinki letu, nami nikaacha chakula mezani nikaenda kusimama nje. Alidhani nimemkasirikia. Kumbe nilikuwa nimerudi Irving, mwaka 2018, nina miaka kumi na moja, nimebeba uongo wangu mwenyewe.

Baba alikuwa fundi magari Unguja kabla hatujaja Texas. Irving akawa mbeba mizigo kwenye ghala la uwanja wa ndege, na kila ndege ikipita juu ya nyumba yetu alisema, "Hiyo nimeipakia mimi," hata ikiwa inatua. Sisi tulicheka, yeye hakucheka sana. Hamu yake ilikuwa injini. Lakini kila gereji ilimtaka vyeti, naye alichokuja nacho ni mikono tu.

Mwishowe akampata Kasongo, Mkongo mwenye gereji ndogo Carrollton. Kasongo alimwonyesha pikapu ya zamani iliyowashinda mafundi wawili. Mbele ya injini kuna puli yenye alama, na alama hiyo humwambia fundi kwamba pistoni imefika juu kabisa, ili apange cheche ilipuke kwa wakati wake. Kwenye pikapu ile alama ilikuwa imehama mahali pake.

"Moteur iko muzuri, fundi, ila alama iko inadanganya," Kasongo alisema. "Ikiwaka na ikitulia, Lundi unaanza kazi."

Lundi ndiyo Jumatatu yake. Nyumbani tukaingoja kama Idi.

Vifaa vya kupimia vilikuwa ghali, kwa hiyo Jumamosi nzima tulivitengeneza wenyewe. Baba alichukua plagi kuukuu, akaivunja matumbo, akapachika bolti ndani yake. Ukiifunga kwenye injini, pistoni ikipanda inagota hapo. Akakata waya wa henga ya nguo uwe mshale. Halafu akanikabidhi mimi kazi ya gurudumu lenye digrii mia tatu na sitini. "Wewe una mkono mwepesi," alisema, nami nikavimba kichwa.

Nilichora duara kwenye boksi la pizza kwa kufuatisha sinia. Kuligawa nilitumia njia ya Mama, ambaye akitoka zamu ya hospitali alishona kofia za viua, na kichwa cha mteja alikipima kwa uzi. Niliuzungusha uzi kwenye duara, nikaukunja sehemu nne, kila robo nikaikunja sehemu tisa za digrii kumi kumi, nikaweka alama kwa wino. Kisha nikautandaza tena na kuanza kuchora mistari. Sikutulia. Kila dakika nilikimbilia dirishani kumwangalia Baba, nikirudi nauvuta uzi kwa pupa, nao ukawa unanyumbuka. Nilipofika mwisho, nafasi ya mwisho ilikuwa nusu ya wenzake.

Ilinipasa nianze upya. Badala yake nikaminya namba zikaenea, nikapaka rangi juu, gurudumu likapendeza. Baba alinawa oili kwa sabuni ya limau na sukari, akaliangalia kwa mbali, mkono ameunyoosha, akasema, "Masha Allah." Siku hiyo sikula vizuri. Mama alinishika paji la uso kuona kama nina homa.

Jumapili mchana tukaenda Carrollton. Baba alifunga gurudumu kwenye puli, akaingiza ile plagi, akaanza kuizungusha injini kwa spana, taratibu, mpaka pistoni ikagota. "Soma." Nikasoma. Akairudisha upande wa pili mpaka ikagota tena. "Soma." Nikasoma, sauti kavu kabisa kama ya mwalimu. "Ahsante, mwanangu," Baba alisema. Katikati ya namba hizo mbili ndipo palipo juu kabisa, na gurudumu langu lingempeleka pembeni. Kasongo alikuwa amevuta kiti, anatazama. Baba akachukua chaki aweke alama. 

"Baba, wait," nikasema. "I messed it up. Nafasi ya mwisho ni ndogo. Nili-squeeze. Nimejua tangu jana."

Kasongo akacheka. "Fundi, mutoto ndiye alipima?"

 Baba alilifungua gurudumu, akalisogeza mbali, akalileta karibu, akalisogeza mbali tena. Halafu akaniambia, "Nionyeshe." Nilimshika kidole nikakiweka pale. Alipapasa kwa ukucha, akatikisa kichwa. "Haya. Tunaanza upya."

Tulipima upya kwa ukanda wa karatasi juu ya boneti, mimi nikichora, yeye ameegemea tu, na Kasongo anaangalia saa. Pikapu iliwaka jua likiwa limeshaanza kushuka. Ilikohoa mara mbili, ikatulia. Jumatatu Baba akaenda kazini.

Mwaka 2020, tulipofungiwa ndani na mimi nasoma kwa kompyuta mezani, Mama alimkuta Baba akimeza dawa isiyo yake. Akaenda duka la dawa akamnunulia miwani ya kusomea, ile inayoning'inia karibu na peremende. Hapo ndipo Baba alipokiri kwamba miaka mitatu vitu vya karibu vyote alikuwa akiviona ukungu. Hakumwambia mtu. Nani angemwajiri fundi asiyeona? Alikuwa tayari kufa na tai shingoni.

Nilimuuliza mbona hakuniambia hata mimi siku ile. Alisema, "Ningekwambia, ungeogopa kukosea."

Nilikosea vilevile. Na kosa hilo la uzi nimeshajisamehe, maana nilikuwa mtoto. Kinachonikosesha raha ni zile namba mbili. Nilizitamka kwa sauti isiyotetemeka, na mtu aliyeweka riziki yake kwenye macho yangu akazipokea, akanishukuru.