Nyumba ya Kupumzikia ya Baba Rukia

Safari yetu ya Kenya ilianzishwa na choo. Jirani yetu wa pale Chumbageni, Tanga, Mzee Hamisi, alikuwa amenunua nyumba Mombasa ya kwenda kupumzikia, na kila jioni barazani alitusimulia choo chake cha kuvuta mnyororo. Watu walisikiliza midomo wazi, kama kwamba Tanga nzima hatujawahi kwenda haja. Mume wangu, Baba Rukia, alisikiliza kuliko wote. Alikuwa amestaafu reli, hana la kufanya kutwa ila kufungua na kufunga redio, na bado akaniambia, "Mama Rukia, na sisi tunahitaji nyumba ya kupumzikia ng'ambo."

"Upumzike na nini?" nikamuuliza. "Kazi si umeshaacha?"

Nilicheka mpaka nikasikia pesa atazitoa wapi. Kule Muheza nilikuwa na shamba la michungwa aliloniachia marehemu mama yangu. Kila mti aliupanda kwa mkono wake. Baba Rukia akasema tuliuze. Sikulala siku mbili, kisha nikamwambia, "Twende kwanza nikazione hizo nyumba. Nikikosa kasoro, uza." Akakubali haraka, maskini. Hanijui mie nikiamua kutafuta kasoro. Miaka ile ya tisini ndiyo kwanza imeanza, mpaka umefunguka zamani, na kila mtu alikuwa na jamaa wa kumwongoza Kenya. Wetu alikuwa Kioko, Mkamba aliyekuwa akileta Tanga vinyago na mablanketi, kijana wa maneno mengi na viatu vyenye ncha. Yeye alituapia kwamba Mombasa imejaa, watu wenye akili sasa wanatazama Ukambani.

Alfajiri ya Jumatatu tulipanda basi Tanga, tukavuka Horohoro, tukapita Mombasa bila kushuka. Baba Rukia alitaka tukakione kile choo. Nilimtazama tu, akageuza uso dirishani.

Kambu tulifika mchana wa siku ya pili. Kambu ni kituo cha barabara kuu iendayo Nairobi: malori, hoteli za chai, akina mama wanaokimbilia madirisha ya mabasi na mayai ya kuchemsha. Nyumba ya kwanza ilikuwa hatua thelathini kutoka lami. Mwenyewe alitukaribisha vizuri, akatutilia chai. Lori likapita. Kikombe changu kikatembea mezani, chenyewe, mpaka ukingoni. Nikakishika.

"Hapa hamtaboeka," akasema mwenye nyumba. "Usiku na mchana kuna magari."

"Na mtu akitaka kulala?"

"Ah, mama, hiyo unazoea. Sisi yakinyamaza ndiyo tunaamka, tunajua kuna ajali."

Baba Rukia alikuwa amesimama mlangoni akihesabu malori kama alivyokuwa akihesabu mabehewa, uso umemng'aa. Nikaona hatari. Nikamwita, nikamwekea kikombe mkononi kikiwa kimejaa, nikangoja. Lori lililofuata lilimmwagia chai kwenye kanzu nyeupe tangu kifuani hadi magotini. Kambu ikawa imekwisha.

Kutoka Kambu tulikwenda Kibwezi, na kutoka Kibwezi tulipanda lori la mahindi hadi Kitui. Sitaki kuizungumzia njia ile. Nitasema tu kwamba tulipoteremka, vumbi lilikuwa limetufanya wote kabila moja.

Mjini Kitui tulifikia kwa Bi Zena, ambaye babu zake walitoka pwani na kufungua duka pale zamani sana. Alitupokea kwa heshima zote, akatupa maji ya kuoga, kisha akatuuliza kilichotuleta. Baba Rukia akavuta pumzi na kumweleza habari za nyumba ya kupumzikia. Bi Zena akaacha kukuna nazi.

"Kaka yangu, sikuelewi. Watu wa hapa wana nyumba mjini ya kufanyia kazi, na nyumba kwao ya kurudi. Hii ya tatu ni ya majini?"

"Ni ya likizo, dada."

"Na nyinyi msipokuwepo, nani analala humo?"

"Hakuna mtu. Inafungwa."

"Subhanallah," akasema Bi Zena, akarudi kwenye nazi yake.

Nilimpenda yule mwanamke tangu siku ile. Nyumba aliyotuonyesha Kioko ilikuwa mtaa wa pili, nzuri, ina baraza na madirisha ya mbao. Nilifungua bomba la uani. Likakohoa, likatoa mjusi. Bi Zena akaniambia bila kucheka kwamba bomba lile hutumika kufungia kamba ya nguo. Maji huletwa na punda, na punda huja akitaka. Baba Rukia akasema punda si tatizo. Nikamwambia basi ajiandae kuoga kwa miadi na punda. Tuliondoka Kitui asubuhi iliyofuata, mie mbele, nimechangamka, shamba la mama yangu liko salama nyuma yangu.

Kioko hakuchangamka. Ndani ya basi la kuelekea Mbooni alituambia amebakiza nyumba moja, na hiyo ameiweka mwisho makusudi. "Mama, hiyo hutapata makosa," akaniambia. "Hiyo hata wewe utaomba ununue."

Mbooni tulipanda kwa miguu, maana basi lilituacha chini. Njia imesimama wima. Baba Rukia alipumzika mara saba, na kila mara alisema anatazama mandhari. Lakini sitasema uwongo: kadiri tulivyopanda, ndivyo hewa ilivyozidi kuwa baridi na safi, na milima yote imekatwa ngazi za mashamba, mahindi, maharage, migomba, miparachichi. Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali, mabati mapya, kibaraza kinatazama bonde zima. Maji yalitiririka kutoka chemchemi. Hakuna lori. Hakuna punda. Na uani, loo, kulikuwa na michungwa minne imejaa.

Baba Rukia alichuma moja, akamenya, akala. Kisha akasema neno ambalo sikumsamehe kwa mwaka mzima. "Unaona? Hata machungwa yapo. Yale ya Muheza ya nini tena?"

Nilikula kipande nikitafuta uchungu. Kilikuwa kitamu. Nilikaa kwenye ngazi na kulia, nao wakadhani ni uchovu wa mlima.

Jikoni, kibanda cha pembeni, alikuwepo bibi mmoja mwembamba akichagua maharage. Kioko alisema ni mtu wa kuangalia nyumba, atabaki kutuangalizia. Nikaenda kukaa naye, kwa kuwa wanaume walikuwa wanapima kibaraza kwa hatua na sikuweza kuwatazama. Nikamwamkia. Alipoinua uso nikaona pua ya Kioko, ile ile, pana na yenye alama katikati.

"Bibi, huyu Kioko ni nani wako?"

"Huyu nimezaa mimi," akasema. Jina lake Ndunge. "Anataka kuuza hii nyumba anunue pikapu. Baba yake alijenga, mimi nilibeba hayo matofali na mgongo. Sasa anasema nitakuwa watchman ya wageni."

"Na wewe umekubali?"

"Nani aliniuliza?"

Nikamweleza habari yangu, michungwa ya Muheza, mama yangu, na mume wangu aliyepagawa na choo cha jirani. Alisikiliza huku mikono ikiendelea na maharage. Mwisho akaniuliza jambo moja tu. "Kesho Kioko anachinja mbuzi. Mzee yako atakula?"

"Hali nyama mpaka ichinjwe na Mwislamu."

"Na hapa Mwislamu ni nani?"

"Ni yeye peke yake."

Bibi Ndunge akasukuma maharage kando. Kisha akanitilia uji.

Asubuhi iliyofuata walikuja wazee watatu wa ukoo, wamevaa makoti. Kioko alitueleza kwamba kwao karatasi peke yake haitoshi. Muuzaji na mnunuzi hula mbuzi pamoja mbele ya wazee, na anayechinja ni mwana wa boma lile. Bila mbuzi huyo, hata ukiwa na mihuri ya serikali, majirani hawakutambui. Akamtoa mbuzi bandani, dume jeusi lililonona. Ndipo akakumbuka dini yetu. Akasema atateremka sokoni amwite muuza duka mmoja Mwislamu aje achinje kwa niaba yake.

Bibi Ndunge alikuwa mlangoni mwa jiko. Alinitazama mara moja, akatazama pembeni.

Sikujua anapanga nini, wallahi. Nilijua tu kwamba ni zamu yangu kusema. "Ya nini kumsumbua mtu mlima wote huo?" nikasema kwa sauti. "Baba Rukia anachinja vizuri kuliko mtu yeyote Tanga. Mkono wake hautetemeki."

Kwa safari nzima sikuwa nimemsifu mume wangu hata kwa kufunga kamba za viatu. Alivimba kama andazi. "Leteni kisu," akasema, akikunja mikono ya kanzu. Kioko, mwenye haraka ya pikapu lake, akampa. Bibi Ndunge mwenyewe ndiye aliyeleta maji ya kumnawisha. Baba Rukia akaelekea kibla, akasema bismillahi, akachinja kwa mkupuo mmoja safi. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Adhuhuri nyama ikaiva, tukala wote hadi mifupa ikabaki myeupe. Kioko akafuta mikono, akatoa karatasi mfukoni. Hapo Bibi Ndunge akaja katikati ya uwanja, akasimama.

"Wazee," akasema, kwa Kiswahili ili na sisi tusikie, "hii mbuzi ilikuwa ya nani?"

"Ilikuwa yako," akajibu mzee mmoja.

"Na uwanja ni ya nani?"

"Yako."

"Mbuzi yangu, ndani ya uwanja yangu, inachinjwa na nani?"

Wazee wakatazamana. Yule mkubwa wao akaanza kutabasamu polepole. "Inachinjwa na mtoto wako wa kiume."

"Basi leo nimepata mtoto mwingine," akasema Bibi Ndunge, akamshika Baba Rukia mkono. "Huyu hapa. Mmekula mkono wake, wote. Sasa niambieni, mtoto ananunua nyumba ya mama yake?"

"Mwaitu!" Kioko akaruka. Ndivyo wanavyomwita mama kule. "Mwaitu, hiyo ni mambo ya zamani!"

"Na hiyo nyama umeshiba nayo, ni ya zamani?"

Wazee walicheka, lakini walipomaliza kucheka hawakurudi kwenye karatasi. Mkubwa wao alisema shauri limekwisha: anayechinja kama mwana hanunui, na ndugu hawauziani nyumba ya mama yao. Akachukua kofia yake. Kioko alibaki na karatasi mkononi, mwekundu wa macho, na sikumwonea huruma hata kidogo.

Nilimgeukia mume wangu nikingoja akasirike. Hakukasirika. Alikuwa amemtazama yule bibi aliyeshika mkono wake. Mama yake alifariki yeye yuko kazini Kigoma, hakuwahi kumzika. Hilo nilikuwa nimelisahau, katika kumcheka kwangu kote. Alisema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, mama." Na bibi, ambaye kwao salamu hiyo si ya kila siku, akajibu, "Ndiyo, ndiyo. Kesho kuna kazi."

Kazi ilikuwepo. Tulikaa Mbooni siku tano zaidi na Baba Rukia alipumzika kwa jembe. Kwa kuwa sasa ni mwana, alionyeshwa sehemu yake ya mtaro wa fanya juu, ule wa kuzuia udongo, ambao unachimba na kuutupa udongo upande wa juu, kinyume na akili ya kila mtu mvivu. Jioni akaongezewa shimo jipya la choo achimbe. Mikono ilimtoka malengelenge. Nilikaa kwenye kile kibaraza kizuri na bibi, tukimenya machungwa, tukimsahihisha. Siku ya nne hata Kioko alichukua jembe, bila viatu vyake vyenye ncha.

Tukaanza kurudi. Tulipofika Horohoro, afisa wa forodha aliuliza tumetoka wapi na tumebeba nini. "Nimetoka kwa mama," akasema Baba Rukia. "Nimebeba maharage." Basi lilipoondoka akaniambia, akitazama dirishani, kwamba lile shamba la Muheza nisilitaje tena, halina bei. Nikamwambia sikuwahi kulitaja mie, lilitajwa na yeye. Akasema basi, yaishe.

Mie nilikwenda Ukambani kutafuta kasoro za nyumba, na nilizipata za kutosha kutia gunia. Kasoro kubwa kuliko zote niliikuta kwetu wenyewe: tulikuwa tayari kuuza alichopanda mama mmoja ili tumfanye mwenzake mlinzi wa nyumba yake mwenyewe, tuifunge nyumba, tuondoke na ufunguo. Tangu mwaka ule, mvua zikikaribia, Baba Rukia hupanda basi la Kenya na jembe lake limefungwa gazeti. Simfuati. Mtaro si wangu.

Lakini jioni ile ya kwanza tuliporudi Tanga, Mzee Hamisi alikuwa barazani anamngoja mume wangu.

"Enhe," akasema, "hiyo nyumba yenu ya Kenya, choo chake je? Cha kuvuta?"

"Cha shimo," akajibu Baba Rukia, akimwonyesha viganja. "Nimekichimba mwenyewe."

Mzee Hamisi akavishika viganja vile, akavitazama malengelenge yake moja moja. Mie nilikuwa pembeni namenya chungwa la mama yangu.