Fulana Zenye Uso wa Ocokoru

Mdogo wangu Acidri ni mtu mkubwa. Usiponiamini mwulize mwenyewe, atakueleza, na akimaliza ataanza upya. Anaishi Kampala, ana tumbo, ana gari jeupe refu, na hapa Arua ana nyumba ya vyumba vya kupangisha nyuma ya soko. Jina lake limeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, ili hata mbuzi wajue wanamkojolea nani. Chumba cha mwisho, kile kidogo kilicho jirani na choo, alimpa Ocokoru, binti wa marehemu kaka yetu Ondoga, afungue studio ya picha. Alimpa bure, na tangu siku hiyo hajachoka kututangazia kwamba alimpa bure.

Mimi ni Kevina. Nauza nguo za mitumba sokoni, na Ocokoru ananiita awupi, ambayo kwa Kilugbara ni shangazi. Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kusifia watoto. Ocokoru alipoanza ujinga wake, nilimcheka kama wengine, na nilicheka kwa sauti.

Ujinga wenyewe ulikuwa huu. Asubuhi anapiga picha za pasipoti, za wanafunzi waliomaliza shule, za maharusi wanaogombana hata kabla ya keki. Wateja wakiisha, anafunga mlango, anasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, anabonyeza, kisha anakimbia kusimama mbele ya pazia. Taa nyekundu inapepesa, inapepesa, kamera inapiga. Anajipiga mwenyewe! Na si zile picha za simu za kubenua midomo, hizo tumeshazizoea. Huyu anajipiga amekunja uso, amevaa koti la marehemu baba yake, mikono ya koti imemfunika hadi kwenye vidole. Siku nyingine amejipaka unga wa muhogo usoni kama mtu aliyeangukia kwenye kinu.

"Wewe mutoto," nilimwuliza, "wateja wa Arua wote imekwisha? Sasa wewe napiga wewe mwenyewe, nani atalipa?"

"Awupi, mimi iko natafuta kitu."

"Kitu gani? Uso yako iko hapo kila siku. Haijapotea."

Alicheka, akarudi kwenye pazia lake. Mtaa mzima ulimwona kichaa. Mwenye saluni alisema msichana anayejipiga picha peke yake anatafuta mume kwa njia ya mkato. Mke wa mchungaji alisema hilo ni pepo la majivuno. Sebuleni kwa mke wa mchungaji kuna picha zake kila ukuta, na ya Bwana Yesu moja, ndogo, juu ya friji. Nyani haoni kundule.

Habari zilipofika Kampala, Acidri alipiga simu akafoka hadi nikaiweka simu mbali na sikio. Mtoto anampotezea chumba! Mtoto anajiabudu! Alikuwa amemtafutia nafasi ya kusomea uuguzi, na chumba alikuwa amemwahidi wakala wa pesa za simu. Tulikuwa tunaandaa kumbukumbu ya mama yetu kule Ludara, wilaya ya Koboko, kusakafia kaburi lake na kula, na Acidri akaamuru kwamba siku hiyo hiyo Ocokoru amkabidhi ufunguo mbele ya ukoo. Mbele ya ukoo, kwa sababu kaka yangu hawezi hata kupiga chafya bila mashahidi.

Ocokoru alilia. Hakulilia uuguzi, maana kazi ya uuguzi ni kazi nzuri. Alililia chumba. Nje ya kile chumba hakuwa na mahali pa kusimamisha kamera bila mtu kuja kumwuliza kama amerogwa.

Sasa niwaambie habari za mama, maana bila mama hamtaelewa.

Mama yetu Kiden alikuwa Mkakwa wa Ludara. Baba alikuwa Mlugbara, askari, ndiyo maana nyumbani kwetu tumekua na Kiswahili cha kambini, hicho mnachokicheka. Mama alipozeeka macho yake yaliingia ukungu. Nilimnunulia simu ndogo, akaitundika shingoni kwa kamba kama rozari, na kila ilipoishiwa chaji aliituma dukani ikachajiwe haraka, mtu asije akapiga akaikosa. Ocokoru alimwendea kila Jumamosi. Mimi nilikwenda nilipopata nafasi. Acidri alituma sukari. Nadhani aliamini sukari inaongea.

Katika maisha yake ya ujana mama alipigwa picha moja tu, katika studio ya Koboko, mara tu baada ya kuolewa. Alisimama kando ya kiti, mkono wa kushoto juu ya egemeo, mkono wa kulia umeshika leso. Juu ya kiti, badala ya baba ambaye alikuwa kazini, waliweka kofia yake ya kijeshi. Vita vilipotufukuza kwenda Congo, picha yenye kofia ya jeshi lililoshindwa ingeweza kuua nyumba nzima. Mama aliitia motoni kabla hatujaondoka. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kuelewa, niliiona ikijikunja. Hatukuwahi kuiona tena sura ile, na mama hakupenda kupigwa picha tena, isipokuwa ile ya kitambulisho, ambayo amekodoa macho kama aliyekamatwa na kuku wa watu.

Lakini Jumamosi zile alimsimulia Ocokoru ile picha. Pazia lilikuwaje, gauni lilikuwaje, kola yake, vifungo vyake. Mtoto akaja kwenye meza yangu sokoni akapekua belo langu lote mpaka akapata gauni jeupe la kola ya mviringo. Kiti cha mbao cha baba, kilichobaki nyumbani kwa mama, akakifunga nyuma ya bodaboda kutoka Ludara hadi Arua. Kila picha aliyojipiga alimpelekea bibi yake, na bibi, ambaye haoni, aliuliza tu.

"Wewe nacheka?"

"Kidogo, dede," yaani bibi.

"Mimi hapana cheka. Mimi naogopa ile sanduku. Na mukono iko wapi? Leta mukono." Akaushika mkono wa mjukuu wake, akauweka mwenyewe juu ya egemeo, akakunja kidole kimoja kimoja.

Mama alifariki kabla picha haijakamilika. Ocokoru aliimaliza akiwa bado amevaa kitambaa cha msiba mkononi. Aliniita chumbani, akanionyesha. Picha nyeusi na nyeupe, kiti kitupu, msichana aliyeogopa lakini hataki mtu ajue. Mimi ninayewacheka watu nilikaa chini sakafuni nikalia. Ilikuwa mama. Tuliomwona mama akiwa kijana tumebaki mimi na mdogo wake Poni tu, na nawaambia, ilikuwa mama.

Ocokoru aliiweka kwenye WhatsApp, chini yake akaandika neno moja: Kiden. Na hapo ndipo mtu mkubwa wa Kampala alipoiona.

Kwanza hatukujua. Tulichojua ni kwamba siku mbili kabla ya kumbukumbu gari lilileta maboksi ya fulana nyeusi na bango kubwa kama mlango wa ghala. Nikafungua boksi la kwanza. Ocokoru akanitazama kutoka kwenye fulana. Nikafungua la pili. Ocokoru tena. Chini ya uso wake imeandikwa: Pumzika kwa Amani, Mama Yetu Kiden.

Ocokoru mwenyewe, aliyekuwa hai na anapika chai, alipoona akadondosha kikombe. Alimpigia baba yake mdogo papo hapo.

"Baba mudogo, ile picha kwa fulana, ile iko..."

"Mimi najua picha iko nzuri!" Nilimsikia Acidri hata kutoka nilipokaa. "Wewe wacha mambo ya picha. Saidia jikoni. Na ufunguo usisahau." Akakata.

Mtoto alitaka kupiga tena. Nilimwambia aache. Angeniuliza mimi dada yake ningemjibu, lakini kaka yangu haulizi, anatangaza.

Basi siku ya kumbukumbu ukoo mzima ulimvaa Ocokoru kifuani. Wajomba wa Ludara walimvaa. Mwenye saluni, aliyekuja kula, alimvaa. Mke wa mchungaji alimvaa na kumtia jasho, na lile pepo la majivuno sasa lilikuwa limelala kwenye matiti yake kwa utulivu. Acidri alimvaa kubwa zaidi kuliko wote kwa sababu ya tumbo, akakaa mbele kabisa, juu ya kile kiti cha mbao cha baba, ambacho Ocokoru alikuwa amekirudisha Ludara. Kiti kilekile kilichokuwa kwenye bango nyuma ya kichwa chake. Alikikalia misa nzima asikitambue.

Baada ya kaburi kubarikiwa alishika kipaza sauti. Debe tupu haliachi kuvuma, na hilo lilikuwa na spika mbili. Alilia kidogo. Alionyesha bango.

"Hii ni sura ya mama yangu! Watu nasema picha iliungua. Hapana! Siku ya kukimbia Congo, mimi nachukua hii picha, naficha ndani ya shati yangu. Miaka yote hii mimi nachunga!"

Shati! Siku tunakimbia Congo Acidri alibebwa mgongoni mwangu, uchi kama yai, na alinikojolea njia nzima. Nilitaka kusema, lakini Poni, mdogo wake mama, alinitangulia. Alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele ya bango, amelikazia macho muda mrefu.

"Acidri," akaita. "Na kofia iko wapi?"

"Kofia gani, mama mudogo?"

"Kofia ya baba yako. Juu ya kiti. Picha ya Kiden ilikuwa na kofia."

Acidri aligeuka kutazama bango, akarudi kwetu. "Kofia ilifutika," akasema. "Picha ya zamani nafutika." Watu wakaanza kunong'ona, na ili awanyamazishe akarukia jambo jingine. "Sasa, kabla ya chakula! Ocokoru, wewe nakuja hapa. Leta ufunguo. Huyu mutoto nakwenda kusoma, mambo ya kujipiga picha imekwisha leo!"

Ocokoru alikuwa amepewa kazi ya kupiga picha za shughuli, bure bila shaka. Alikuja mbele na kamera yake na ufunguo umening'inia kidoleni. Alisimamisha miguu mitatu kwenye nyasi, akapachika kamera, akachungulia, akabonyeza. Taa nyekundu ikaanza kupepesa. Akatembea, hakukimbia, akakivuta kile kiti hadi chini ya bango, akasimama kando yake. Mkono wa kushoto juu ya egemeo, vidole vimekunjwa kimoja kimoja. Mkono wa kulia umeshika ufunguo mahali pa leso. Akainua kidevu.

Kamera ikapiga.

Nani aliyecheka kwanza sijui, nadhani ni Poni. Watu walitazama bango, wakamtazama msichana, wakainamisha vichwa kutazama vifua vyao wenyewe. Mke wa mchungaji aliziba picha yake kwa mkoba. Kicheko kilizunguka turubai lote, wapishi wakaja na miiko yao kuuliza kuna nini. Njia ya mwongo ni fupi, lakini sijawahi kuona iliyoishia karibu hivyo na kipaza sauti. Acidri alibaki amekishika, mdomo wazi, na spika ikatutolea pumzi zake.

"Nini hii?" akasema mwishowe.

"Picha ya kumbukumbu, baba mudogo," Ocokoru akajibu.

Jioni wageni walipoanza kutawanyika, Acidri alikuja jikoni tulipokuwa tunasugua masufuria. Alikuwa ameigeuza fulana nje ndani, lakini jasho lilikuwa limeilowesha na uso wa Ocokoru ulionekana kwa mbali kwenye tumbo. Nilikuwa nimemwandalia maneno ya kumtosha mwaka mzima. Hakunipa nafasi, maana hakunitazama.

"Mama ilikuwa hivi kweli?" alimwuliza mtoto, polepole.

"Mimi sijui, baba mudogo. Mimi nakuta yeye muzee. Yeye naongea, mimi nasikia. Mukono, yeye mwenyewe naweka."

Akamwonyesha ule mkono, umejaa povu la sabuni. Acidri aliutazama. Nilimwonea huruma, na niliudhika kwamba namwonea huruma. Ocokoru akafuta mkono, akamnyooshea ufunguo. Kaka yangu aliutazama kama mtu asiyejua unafungua wapi, akasema giza linaingia na barabara ni mbaya, akaondoka bila kuuchukua. Hajaudai hadi leo, na yule wakala wa pesa za simu amepata chumba kwingine. Acidri hajui kuomba radhi. Anachojua ni kusahau.

Bango alilikunja mwenyewe, akaenda nalo. Nasikia limetundikwa sebuleni kwake Kampala, na wageni wanaambiwa ni mama yake, na lile shati bado limo katika hadithi.

Siku hizi kila Jumamosi simu ya Ocokoru inalia. Anaacha wateja wakae kwenye benchi, anakwenda kusimama karibu na pazia, anasikiliza. Hasalimiwi sawasawa. Mtu wa upande wa pili anauliza tu: mama alisema nini tena? Gauni lilikuwa na vifungo vingapi? Alinitaja? Na mtoto anamsimulia bila haraka, mpaka salio la simu linaisha, kisha inalia tena.

Mimi nakaa mlangoni nakunja nguo zangu. Mama naye alikuwa na simu.