Wimbo wa Kisimani Ulivyoingia Kwenye Gemu

Nilitoka Kotile kwa sababu ya Hodhan, binti wa marehemu kaka yangu. Anatengeneza gemu ya simu huko Garissa, yenye mchungaji na ngamia, na alitaka muziki wa watu, si wa mashine. "Adeer, ami yangu, njoo na filimbi yako," alisema. "Usipokuja, Kassim atabonyeza kinanda mpaka ngamia watoroke."

Asubuhi nikadandia lori la mbuzi. Tulipofika Bura, mbuzi mmoja alishakula ncha ya kikoi changu, na mwenye mbuzi akanilaumu mimi eti nguo yangu itamharisha mnyama wake.

Garissa, mchana. Chumba cha kurekodia kimebandikwa magodoro ukutani, feni imezimwa kwa sababu inavuma. Kassim, mpiga kaban, yaani udi wetu, alikuwa amelowa jasho. Hodhan akanionyesha kwenye simu: mchezaji akigusa filimbi, ngamia wanakuja mbio.

"Wanakuja kunywa wapi?"

"Maji hayamo, adeer. Wanakuja tu."

Nikairudisha filimbi mfukoni.

Niwaambie wazi, nyinyi mnaosoma. Wimbo ule wa kuita ngamia kwetu hupigwa kisimani tu, maji yakiwa tayari kwenye hori. Mwaka wa ukame mbaya, Dagane, jirani niliyemlisha kwa mkono huu, aliupiga kwenye kisima kikavu. Ngamia wangu wenye kiu wakamfuata kama watoto, akawaswaga hadi Hulugho na kupitiliza. Nduguye Abdi ndiye aliyemwonyesha njia. Nikabakiwa na majike wawili na mbavu zangu. Dagane na Abdi wapo, wazima kabisa, wanaswali safu ya mbele.

Kassim akacheka. "Adeer, hii ni gemu! Ngamia hawa wanakunywa chaji."

"Basi wapigie chaji."

Hodhan hakucheka. "Nikiweka maji utapiga?"

"Na anayewaita bila maji, utamfanya nini?"

Akafikiri. "Ngamia wasimwamini tena. Wamwache, aanze upya na mbuzi mmoja."

"Kilema," nikasema.

"Haya, kilema."

Hata hivyo nikakataa kupiga mpaka Kassim alete karai la maji, akaliweka katikati ya chumba, akinung'unika wallahi. Ndipo nikapiga. Kaban ikafuata nyuma taratibu, Hodhan akitikisa koor, kengele ya mbao ya ngamia. Tulirudia mara kadhaa, maana kila tukikolea, punda wa mwuza maji analia nje.  Mara ya mwisho hata Kassim alisahau kujifuta jasho.

Kotile, jioni ya kurudi. Mke wangu Habiba akataka kusikia wimbo ambao Hodhan aliutia kwenye simu yangu, akabonyeza simu, sauti yote juu. Kabla hajaizima, majike wangu walitokea vichakani, shingo mbele. Mgongo wangu ulikuwa bado unalia na lori.

"Sasa?" Habiba akaniuliza. "Utawaambia ni gemu?"

Nikashika ndoo. Nilichojifunza ni hiki: wimbo ule ukishakaa kwenye simu, yeyote mwenye kidole anaweza kukutuma kisimani.