Mbuzi wa Watu na Sauti ya Baba

Wiki nzima sikulala vizuri. Nilikuwa najiuliza: sauti ya baba ikikatika katikati ya sentensi, nimmalizie au ninyamaze?

Baba alikuwa ametolewa zoloto, kile kisanduku cha sauti, kwa sababu ya saratani. Sasa alisema kwa kumeza hewa na kuirudisha juu, maneno mawili matatu kwa wakati, kama mtu anayecheua kwa adabu. Asubuhi alieleweka. Kufikia saa nane mchana shingo ilikuwa imekaza, na kilichotoka ni pumzi tu. Jumamosi wakwe wangekuja kumchukua dada yangu, na kwetu baba aliye hai humtoa binti kwa kinywa chake mwenyewe.

Nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi, kwa hiyo nilipima kwa saa ya simu sauti yake inadumu muda gani. Niligundua kwamba biashara haikumchosha. Zilimchosha salamu. Hapa Bwera huulizwi ulivyoamka tu, unaulizwa na nyumbani, na mbuzi, na mvua ya huko kwenu. Duka lake la vitenge liko kwenye njia ya kwenda mpaka wa Kongo, na kila mpita njia alitaka kumsikia. Kufikia saa nne baba alikuwa ameshatumia nusu ya sauti yake kuulizia mbuzi wa watu.

Jumamosi nikamkalisha chumbani, nikasimama langoni kusalimia wageni kwa niaba yake.

"Digrii yote ile," akasema shangazi, "kumbe ilikuwa ya salamu."

Rafiki wa baba kutoka upande wa Kongo aliuliza, "Muzee iko wapi? Alikufa?"

Nikamwambia anatunza sauti.

"Basi umuambie atunze na yangu," akajibu, akaenda kutafuta soda.

Wakwe walikuwa wameahidi saa nne. Walifika saa tisa.

Baba alisimama. "Binti yangu... ninamtoa..." Akameza hewa. Haikurudi. Akameza tena. Wageni wote wakanigeukia, kwa sababu tangu asubuhi mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Maneno yaliyobaki niliyajua. Niliyaandika mwenyewe, nakala mbili, moja yake na moja yangu. Baba naye alinitazama, kisha akatazama pembeni.

Nikaikunja karatasi yangu, nikaikalia, nikasubiri kama wengine. Kuku alivuka uwanja mzima kabla neno la nne halijatoka.