Wanawake Kumi wa Omena

Dada yangu mkubwa anasoma chuo huko Migori. Mimi niliishia kidato cha nne, nikabaki Homa Bay na mama, tunaanika omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni. Lakini lile joho la mahafali nimeshalivaa mara nyingi kichwani mwangu, na linanitosha kabisa.

Likizo iliyopita alikuja na utafiti wake: ahoji wanawake kumi wanaoanika omena. Siku ya pili tu akasema amemaliza. Nikatazama sandali zake, hazikuwa hata na mchanga.

"Umewahoji saa ngapi?"

"Akili bandia imenisaidia. Wacha ushamba wewe!"

Nikaiomba simu yake, nikamsomea mama mahojiano hayo pale pale kwenye nyavu tunazoanikia. Mhojiwa wa kwanza, mjane, alisema mvua ni changamoto kubwa kwa ustawi wake. Mama akacheka hadi akaketi chini.

"Huyo mjane anaanika wapi? Mwite aje atusaidie kuanua, si mnaona wingu hilo!"

Dada hakucheka. "Mama, mwalimu anataka maneno ya kisomi."

"Si uniulize mimi, nyathina, mwanangu? Mimi ndiye mama yako. Lakini uniulize mkono wako ukifanya kazi."

Dada akainama. Mama akamwonyesha kuchota omena kwa mkono na kuzitikisa karibu na sikio: zilizokauka zinalia kama majani makavu, zenye maji ndani zinanyamaza, na hizo ndizo huozesha gunia zima. Zikinyeshewa, anayebaki kuzitaka ni mtu wa chakula cha kuku. Dada akaandika, kalamu ikimteleza kwa magamba. Nilifurahi jamani. Nikasema moyoni, huyu sasa anasoma.

Kufikia jioni alikuwa amehoji wanne. Kazi ilitakiwa kesho yake asubuhi. Wale sita sikuuliza walitoka wapi, ila nilibaki na shaka.

Juzi amenitumia picha ya kazi iliyosahihishwa. Amepita. Mwalimu ameandika "safi sana" kando ya yule mjane wa mvua, ambaye hakuna ufuo unaomjua. Kando ya maneno ya mama ameandika, "Umetoa wapi haya?"

Mwaka ujao natamani kujiunga na chuo hichohicho. Bado natamani. Lakini picha hiyo nimeitazama sana.

"Mwalimu amesemaje juu yangu?" mama akauliza.

"Amesema safi sana, mama."

Akatabasamu, akaendelea kugeuza omena.