Umeze Hapa Mbele Yangu

Farmasi ya Mama Emerance, kule Mikelenge, ina kikombe kimoja cha plastiki na sheria moja: anayetaka vidonge vya kufunga tumbo linaloharisha atavimeza papo hapo, mbele ya macho yake. Watu humcheka. Yeye hucheka nao, kisha huwamiminia maji. Sababu ya sheria hiyo hajamwambia mtu.

Asubuhi moja alikuja Kambale, mwenye duka la jirani, anayesafiri kwa pikipiki hadi Kampene huku tumbo linamwendesha.

"Homa iko? Damu iko?"

"Hapana mama, ni maji tu."

Akapewa viwili, akameza, akaenda zake. Mtu mzima mwenye safari, tena hana homa wala damu, dawa ile humsitiri.

Nyuma yake akaingia Kavugho, muuza vitenge. "Na mimi unipatie ile ya Kambale. Tumbo inanisumbua."

Emerance akamsukumia kikombe na kidonge. Kavugho akashika kidonge, akakitazama, asikimeze.

"Sasa hii dawa njo ya nani?" Emerance akauliza.

"Ya Chérie, mutoto yangu. Iko na miaka mbili. Anatoka damu tangu jana."

Emerance ana ulimi mkali kama pilipili, lakini hakufoka. Uongo huo aliujua. Miaka ya vita, mji umezingirwa, alimdanganya muuza dawa vivyo hivyo, akampa mwanawe nusu kidonge. Kuhara kukakoma, akashangilia. Jioni tumbo la mtoto likavimba, homa ikapanda. Ugonjwa ulikuwa umefungiwa ndani. Siku nne muuguzi alimchoma sindano, naye mama akimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, akilia. Mpaka leo akikumbuka hana pa kuficha uso.

"Dada, kama damu iko, tumbo haifungwi. Na mutoto mudogo hata bila damu, hapana! Umunyweshe hii pakiti ya chumvi na sukari, ya kuchanganya na maji, kidogo kidogo. Na muende hopitali sasa hivi."

"Ni mbali, mama."

Emerance akaita kwa sauti. Likatoka jibaba la mabega mapana, likinung'unika kwamba chai yake itapoa, likawasha pikipiki.

"Huyu njo Onema, mutoto yangu," Emerance akasema, machozi yakimlengalenga. "Mimi pia nilidanganyaka. Huyu njo nilimupa ile dawa. Panda mbio, mupitie Chérie."